Kabla Kroketi Haijaisha

Jumatatu jioni. Chumba cha nyuma.

Ineke alimpa kila mtu biskuti moja, akafunika kopo. Moja na kahawa, basi. Hata majambazi wake hawakuongezwa.

"Alhamisi," alisema. "Dereva husimama kituo cha mafuta nje ya mji wa Breda kula mkate na kroketi, ule mviringo wa nyama wa kukaanga. Hakosi. Akiketi tu, tunaingia kazini. Marnix anafungua lori, Sjoerd anaendesha."

"Mzigo gani?" Marnix aliuliza. Mikono minene, subira hana.

"Dawa ya pumu, ya kuvuta. Bima zimeitupa, zinalipia ya kampuni nyingine iliyo rahisi. Wagonjwa wanaililia. Ukiwa nayo sasa, bei unapanga wewe."

Sjoerd hakuhitaji kuelezwa. Januari duka la dawa lilimbadilishia dawa hiyo hiyo, likampa kifaa kipya cha unga, akashindwa kukivuta, akakitupa kabatini. Sasa aliishi kwa inhela ya buluu tu, ile ya kufungua kifua kikibana, na aliibonyeza kutwa.

"Mzee, kifua chako kinapiga filimbi," Marnix alisema. "Utatuchoma."

"Kiache kifua changu. Nimeendesha malori ya maua wewe hujaota meno."

Ineke alicheka. Sjoerd akafurahi kupita kiasi, na alijijua. Tangu mkewe aondoke, hii ndiyo meza pekee aliyowekewa kikombe. Angeiba hata kengele ya kanisa, mradi Jumatatu waseme karibu.

Alhamisi. Kroketi haijaagizwa.

Ukungu, baridi kali. Ndani ya gari la Ineke, Sjoerd alibonyeza inhela ya buluu. Ikakohoa kidogo, kisha kimya. Imekwisha. Akairudisha mfukoni. Angesema, wangemrudisha nyumbani.

Kroketi mezani.

Marnix alivunja kufuli. Sjoerd alikimbia, akapanda, akawasha. Nyuma ya kioo cha mgahawa dereva alikuwa anapaka haradali. Lori likatoka taratibu, Ineke na Marnix wakifuata.

Kroketi imekwisha.

Walijificha kwenye banda la ng'ombe lililohamwa. Sjoerd alishuka akashikilia gurudumu. Pumzi iliingia kwa shida, ikagoma kutoka.

"Nipeni... moja. Hiyo... inafungua... pia."

Marnix alipasua katoni. Sjoerd akavuta. Akavuta nyingine. Hakuna ladha. Hakuna kitu.

Ineke alisoma ubavuni mwa boksi, akatukana. "Kifaa cha kufundishia. Hakina dawa."

Ulikuwa mzigo wa watu wa mauzo, vifaa vitupu vya kugawia madaktari ili kampuni irudishe wateja wake. Dawa yenyewe husafiri kwenye gari jeupe lisilo na jina. Wao walilifuata lori lililopambwa nembo.

"Ita ambulensi," Marnix alisema.

"Polisi waje nayo? Panda gari."

"Atakufa huyu, Ineke!"

"Simu anayo."

Marnix alivua koti lake, akamfunika Sjoerd mabegani. "Nisamehe, mzee." Kisha naye akapanda.

Ineke hakugeuka. Hilo lilimuuma Sjoerd kuliko kifua. Alipiga simu ya dharura, akashindwa kutamka hata neno. Ikabidi filimbi ya kifua iongee.

Ijumaa. Wodini.

Muuguzi alimwekea mkononi kifaa cha unga kama kile alichokitupa kabatini. "Hiki hakina dawa, bwana. Cha kufundishia tu. Kweli hakuna aliyewahi kukuonyesha?"

Sjoerd alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuata maelezo. Toa pumzi yote kwanza, halafu vuta kwa nguvu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Polisi alingoja muuguzi atoke. Koti la Marnix lilining'inia mlangoni, kubwa mno kwa Sjoerd, na polisi alikuwa ameshaliona.

"Mlikuwa wangapi?"

Sjoerd alitazama kiti cha wageni kando ya kitanda. Juu yake palikuwa na taulo tu.

"Peke yangu," alisema.