Tezi au Mapenzi?

Lifti ya jengo la maduka ilikwama na watu tisa ndani. Fundi cherehani, gauni la bibi harusi wa watu mikononi, alijikuta amebanana na kijana mrefu wa shati la samawati. Mlango ulipofunguka wote walishusha pumzi, ila moyo wa fundi uliendelea kwenda mbio.

“Pole, dada. Bado unaiogopa lifti?”

“Sasa nakuogopa wewe,” alijibu, na mwenyewe akaushangaa ulimi wake.

Kijana alikuwa mpima moyo hospitalini. Mapenzi yakakolea upesi, na kwenye simu wimbo ukawa mmoja.

“Mpenzi, nikiona namba yako tu moyo unanidunda.”

“Uache udunde, laazizi. Wengine tunaishi kwa kazi hiyo.”

Lakini ulidunda hata fundi akiwa peke yake anakunja pindo, vidole vikitetemeka hadi sindano ikamchoma. Mpima moyo akamvalisha kimashine cha kurekodi mapigo mchana na usiku. Karatasi ilionyesha moyo haukupumzika hata usingizini. Damu ikapimwa, daktari akaeleza: tezi ya shingoni inazidisha kazi, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kulegeza mishipa ya fahamu inayoutuliza moyo, ile inayouchochea ikabaki inatamba. Kwa dawa atapona.

Fundi akashukuru. Mwenzake akaingiwa na baridi. Jamani, mtu asome mioyo ya watu kutwa halafu wa mpenziwe umchanganye. Aliwaza, kama kilichokuwa kikidunda ni tezi, dawa itamponya tezi na kumponya na mimi. Akaona heri ajitenge kabla hajaachwa. Simu akawa hapokei.

Dada wa fundi ndiye aliyemnasa mlangoni mwa hospitali. “Shemeji, mwenzako amekukosea nini?”

“Kazi zimenibana, shemeji.”

“Zimekubana hadi vidole?”

Mwezi wa tatu wa dawa fundi alirudi kupimwa, na zamu ilikuwa ya mpima moyo huyo huyo. Alimfunga waya mikononi, miguuni na kifuani bila kumtazama usoni.

“Mapigo sitini na nane,” alisema akiisoma karatasi. “Umetulia. Hunipendi tena.”

“Kumbe ndiyo sababu?” Fundi alimgeuzia uso. “Wiki sita nimekupigia nikiwa nimetulia hivi hivi. Nilijua ninampigia nani. Nakupenda, na nimekukasirikia, yote kwa akili zangu timamu.”

Mpima moyo aliiweka karatasi chini. “Basi nikuoe.”

“Unaniposa nimefungwa waya kama redio mbovu? Nifungue, toka, nivae kwanza.”

Alisimama nje ya pazia, jasho likimtiririka mgongoni, benchi zima la wagonjwa likimkodolea macho. Vifungo vya blauzi vilikuwa vinane, naye fundi hakuwa na haraka. Huenda anatafuta maneno ya kunikataa, aliwaza, na angestahili kukataliwa.

Pazia likafunguka.

“Haya, sema tena. Kwa sauti, na hawa wasikie.”

Akasema, sauti ikimkatika katikati.

“Nimekubali,” fundi alisema. “Lakini ukiogopa tena, uniogope ukiwa karibu.”