Mfereji Uani kwa Yusta

Habari za mchoro ule Yusta alizisikia kwanza kwa mumewe, Herman, aliporudi kutoka Japani alikopelekwa kujifunza kilimo cha mpunga. Huko walitembezwa kuona mchoro wenyewe, duara kubwa kuliko uwanja wa mpira, lililochimbwa ardhini na watu wa kale. Kulikanyaga ni mwiko. Lakini Herman alimkumbuka mkewe mjamzito, aliyekuwa akitamani udongo kutwa. Akamega kidogo ukingoni, akafunga kwenye leso.

“Kula, mke wangu. Huu umepanda ndege,” alimwambia alipofika nyumbani kwao, Magomeni ya Kilosa.

Yusta akacheka, akaumaliza.

Naomi alipozaliwa, ukaanza mfereji. Mwembamba tu, uani, mchana kweupe. Yusta aliufukia kwa ufagio, akigeuka, upo. Herman akasema ni fuko. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa wakati mvua haijanyesha, na chini ya sakafu ikasikika kwaru, kwaru, kama jembe la mtu asiye na haraka, na mfereji ukazunguka nyumba, ukapita chini ya mlango, ukakata saruji kama ugali wa moto, ukawa unaelekea kitandani alipolazwa mtoto, ambaye kila ulipomsogelea alikohoa, akatoa vumbi jeupe mdomoni.

Herman akamleta Bibi Ziada, mganga wa Ruhembe.

“Shikamoo, bibi,” Yusta alinong'ona.

“Marahaba. Usiniogope mimi, mwanangu.” Akafukiza ubani. “Wewe uliyemo, unataka nini?”

Yusta akasikia sauti nzito ikitoka kooni mwake mwenyewe.

“Nimemegwa. Nami namega. Kipande changu kimekuwa mifupa ya mtoto huyu.”

“Mwache,” Herman alisema. “Aliyemega ni mimi.”

“Basi utanichimba upya hapa hapa, kwa kucha, mpaka nitimie. Ukipumzika, nampitia mtoto.”

Kwaru, kwaru ikakoma. Bibi Ziada akafunga mkoba wake.

“Huyu hatoki kwa dawa yangu,” alisema taratibu.

Asubuhi yake Herman alikuwa uani, amepiga magoti, anachimba duara, kucha zinavuja damu, na alipoitwa hakuinua kichwa. Sharti la kucha lilikuwa la Herman, si lake; Yusta akamfunga Naomi mgongoni, akaenda kwa jirani yao, Verdiana, kuazima jembe.

“Unalima nini kiangazi hiki, mama Naomi?”

“Kazi kubwa kidogo, shangazi.”

Akarudi, akasimama upande wa pili wa duara, akaanza kuchimba kuelekea kwa mumewe.