Moshi wa Majiko Madogo

Foleni ya duka la dawa ilifika mlangoni, na wa mwisho alikuwa kijana aliyening'iniza raba zake shingoni kama mkufu. Tisheti imelowa, miguu mirefu imejaa vumbi. Muuza dawa, binti wa koti jeupe na kilemba cha zambarau, alimwona tangu mbali akajifanya hajamwona.

"Shikamoo, daktari."

"Mimi si daktari na wewe si mtoto. Unaumwa nini?"

"Miguu. Na sasa hivi moyo nao umeanza."

Foleni nzima ikacheka. Binti akainamia droo kuficha meno.

Kijana alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu. Wenzake walimwita Twiga. Miezi mitatu mbele kulikuwa na mchujo wa timu ya taifa, na kwa umri wake hapangekuwa na mwingine. Binti hakujua mbio, alijua vidonge. Mapenzi yalipokolea, kila asubuhi alimfungia vitamini C na E, vya nguvu kubwa, kwenye kijikaratasi alichokisokota ncha kama pipi.

"Vinafagia uchovu, mpenzi."

"Nifagie tu, mama."

Siku moja binti alimpelekea chakula shangazi yake, fundi wa maabara ya chuo. Shangazi akamsogeza kwenye hadubini. "Huu msuli wa mkimbiaji, tumeupaka rangi. Tazama."

Alitazama kwa jicho moja. Vidoa vya buluu vilijaa kama nyota.

"Hayo ni majiko ya mwili," shangazi alisema. "Ukikimbia yanawaka, yanatoa moshi. Mwili ukiunusa unajua kazi imezidi, unajenga majiko mengine."

"Nani anauambia ujenge?"

"Nani tena? Moshi wenyewe."

Binti hakuondoa jicho. Bakuli la chakula lilipoa mkononi mwake. Mtu analala zake fofofo, kumbe ndani yake watu wako kazini wanajenga, hawana nyapara. Kisha akakumbuka vijikaratasi vyake.

"Na anayemeza vitamini?"

"Tunda halina neno. Vile vidonge vikubwa vya kila siku ndivyo vinafuta moshi. Tuliowapima hapa, waliovimeza majiko yao hayakuongezeka sana kama ya wenzao. Saa ya uwanjani haikuonyesha tofauti, siwezi kukudanganya. Ila mimi nisingempa mtu wangu."

Kesho yake Twiga alinyoosha kiganja juu ya kaunta. "Pipi yangu?"

"Hakuna. Na kesho hakuna."

"Zimebaki wiki nane, ndiyo unaninyima?"

"Ukikimbia mwili wako unatoa moshi, ndiyo unavyoongea, na mimi nikauziba mdomo kwa vidonge."

"Sema umenichoka. Yule dereva wa gari la dawa anavyokuita mrembo, unadhani sisikii?"

Akaondoka, raba zikimpigapiga kifuani. Binti alipiga simu jioni, na jioni iliyofuata. Ya tatu ikapokelewa.

"Vile vidonge, bado unavimeza?"

"Simezi. Nimekasirika, sijawa mjinga." Akakata.

Ikawa hivyo wiki nane: yeye hapiti dukani, binti anahesabu siku.

Siku ya mchujo binti alisimama kwenye uzio wa uwanja na kilemba kilekile cha zambarau. Wangechukuliwa wanne tu. Watatu walishavuka mstari wa mwisho. Twiga akatokea kwenye kona, bega kwa bega na mwingine, mdomo wazi, na mzunguko mzima wa mwisho wala hakulegea. Akamwacha mwenzake kwa hatua moja.

Alikuja mpaka kwenye uzio, akajishika magoti. Binti akapitisha mkono katikati ya vyuma, akauweka kifuani kwake. Kifua kilikuwa moto kama sufuria, moyo unagonga. Binti alikuwa anausikiliza ule ujenzi.

"Pole, baba. Nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu. Acha moshi utoke kwanza." Akaingiza vidole kwenye soksi, akatoa kijikaratasi kilichosokotwa ncha kama pipi, kimelowa jasho. "Nimekimbia nacho. Leo zamu yako."

"Twiga, vidonge tena?"

"Fungua."

Akafungua taratibu, asikichane. Ndani kulikuwa na pete.