Diski ya Mwalimu Nasike

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi, sogezeni viti. Nina habari za nyumba moja pale Kamukuywa, na wenye nyumba kama hiyo wanajijua.

Jumapili alasiri ungewakuta Mwalimu Nasike na mumewe, Mwalimu Mukhisa, barazani, chai ya maziwa katikati, wakisahihisha insha za Kiingereza. Wote wawili walifundisha somo hilo katika shule moja. Binti yao Nanyama, wa Gredi ya Tisa, aliwasomea gazeti la Kiingereza kwa sauti, akiwaiga wasomaji wa habari, nao wakacheka mpaka chai ikapoa. Walipendana, sitawadanganya.

Nasike alikuwa na hamu moja: kwenda Kitale kwenye mafunzo ya walimu wa Kiingereza. Shule ilipeleka mwalimu mmoja tu kila mara, na aliyehitimu alirudi kuwafunza wenzake. Zamu yake ya kwanza ilimkuta mjamzito. Ya pili ilimkuta akimuuguza mama yake Mukhisa. Miaka kumi na mitano alikuwa amengoja, na safari hii walimu wote walijua kwamba ni yake.

"Barua ya Kitale imefika?" alimuuliza mumewe, maana Mukhisa ndiye aliyekuwa mkuu wa idara.

"Bado, Mama Nanyama. Watu wa ofisi ni polepole, si unawajua?"

Barua ilikuwa imefika zamani, na Mukhisa alikuwa amejaza jina lake mwenyewe. Nasike alijua siku alipomkuta akitia mashati matatu kwenye begi.

"Ati unaenda wapi?"

"Kitale. Walitaka mkuu wa idara. Nilikuwa nikuambie."

"Uniambie lini? Ukirudi na cheti?"

"Wacha hizo, bana. Cheti kikiingia hii nyumba, si ni chetu sisi wote?"

Angelia, ningemhurumia. Nasike hakulia. Alichukua pasi akamnyooshea mashati yote matatu, kola moja baada ya nyingine, na kabla pasi haijapoa alikuwa amejua la kufanya.

Sasa sikieni. Anayetoka mafunzoni sharti afundishe somo la maonyesho mbele ya walimu wa shule jirani, huku mkufunzi kutoka Kitale amekaa nyuma akiandika. Katika mtindo huo mpya mwalimu husema machache, watoto ndio huzungumza. Wakinyamaza, hakuna somo wala cheti. Na darasa lililochaguliwa lilikuwa Gredi ya Tisa, ambalo mwalimu wake wa darasa ni Nasike.

Mukhisa akiwa bado Kitale, Nasike alikwenda stoo ya shule akaitoa diski. Tuliosoma zamani tunaikumbuka: kibao chenye kamba, alichovishwa shingoni mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani. Shule ilikuwa imeiacha miaka mingi. Nasike aliirudisha kwa sheria kali zaidi: atakayekosea Kiingereza, hata neno moja, ataivaa kutwa, mpaka kwenye foleni ya chakula. Wenzake walimsifu kwa bidii. Siku ya nne ikamfikia Nanyama.

"Mama, nimekosea kidogo tu," mtoto alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hapa mimi si mama yako. Vaa."

Je, hakuona alichokuwa akifanya? Aliona vizuri sana, na akaendelea.

Siku ya maonyesho walimu walikuja hata kutoka Misikhu. Mkufunzi alikuwa Madam Gunjan, mzaliwa wa Kitale, ambaye jamaa zake wana duka la vitambaa pale mjini. Mukhisa aliingia na picha zake za soko, shati limenyooka, akawaomba watoto waeleze wanachokiona. Kimya. Akatabasamu, akauliza tena. Kimya. Jasho likaanza kumtoka. Nasike alikaa dirishani, mikono magotini, akilihesabu kila tone. Utamu ulioje! Siwafichi, kisasi ni kitamu kinywani.

Mwishowe Mukhisa akamgeukia binti yake. Nanyama alisimama, akafungua kinywa, akajishika shingo kana kwamba kibao kingalipo, akaketi.

Cheti hakikutolewa. Jioni hiyo Nasike alimwandalia mumewe ugali.

"Pole, Baba Nanyama. Watoto wa siku hizi ni hivyo tu."

"Ni wewe," Mukhisa alisema.

"Ndiyo, ni mimi. Na mashati nilikunyooshea."

Mwezi haukuisha, Mukhisa aliomba uhamisho akaenda kuishi kwa kaka yake Bungoma. Simtetei, alianza yeye.

Muhula uliofuata barua ilikuja na jina la Nasike. Aje Kitale, na kwenye simu aje na sauti aliyoirekodi ya mwanafunzi wake mmoja akizungumza Kiingereza, dakika tatu, jambo lolote. Nasike aliwaomba wanafunzi arubaini. Wote waliinamisha vichwa. Asubuhi ya safari aliweka simu, ikirekodi, kwenye meza ya barazani, mbele ya binti yake, ambaye siku hizo alijibu ndiyo na hapana tu. Akamsukumia gazeti.

Kitale, Madam Gunjan alisikiliza simu moja baada ya nyingine mbele ya walimu wote. Ya Nasike ilipofika, sauti ya mwanamke ilisikika: "Diski nimeichoma, mwanangu. Soma tu kama zamani. Sema kitu, Nanyama. Chochote. Tafadhali." Kisha mlio wa kuku. Kisha kiti kikivutwa, na hatua za mtu anayeondoka.

"Mwalimu," Madam Gunjan aliuliza kwa upole, "mwanafunzi ni yupi hapa?"

Nasike alifungua kinywa, na mkono wake ukaenda shingoni.

FUNZO

Wewe unayekalia barua ya mwenzako, ujue unachezea moto nyumbani kwako. Nawe uliyedhulumiwa, dai haki yako kwa sauti, mbele ya mwalimu mkuu, mchana kweupe. Nasike alikuwa na haki, nami ningesimama naye. Lakini aliyekusudia kumpiga mume alipitia shingoni mwa mtoto. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nanyama hadi leo hasomi gazeti kwa sauti.