Sweta ya Bata wa Pinder

Moshi wa mbavu za nguruwe ulikuwa umefunika maegesho yote ya Uwanja wa Pinder, na ngoma za bendi zilitikisa hadi vifuniko vya sufuria, Corliss Teague aliporudi nyuma kumpisha mtu, akamkanyaga Keziah, aliyekuwa akipika na familia yake kabla ya mechi.

"Kaka, hayo ni macho au mapambo?"

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia..." Akaishia hapo. Kwenye mlingoti wa hema lao ilining'inia sweta ndogo ya sufu, rangi ya damu ya mzee na njano. "Hiyo ni ya mtoto gani?"

"Mtoto mwenye shingo ndefu hivyo ulimwona wapi? Ya bata."

Corliss alisahau njaa. Alikuwa ameajiriwa kupanga makumbusho mapya ya michezo ya chuo, na kila mtu Pinder alijua kwamba timu iliitwa Bata Bukini kwa sababu ya bata aliyeingia uwanjani zamani, amevaa sweta. Bata alikuwa wa nani, hakuna aliyeuliza.

"Wa Bibi Ludie, bibi yake mama yangu," Keziah alisema, akimpakulia mkate wa mahindi. "Alikuwa mpishi wa wanafunzi. Alimlea bata, akamfumia sweta. Siku ya mechi bata akamfuata hadi getini. Watu weusi walikuwa hawaingii enzi hizo. Bata akaruhusiwa. Yeye akabaki nje."

Corliss aliitazama tena ile sweta. Akaomba namba ya simu.

"Ya bata au yangu?"

"Bata ana shingo nzuri, lakini wewe umemzidi."

Wakapendana haraka. Kila jioni simu ililia Keziah akiwa bado na aproni ya duka la maua.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umefuta vumbi kwenye kofia zako za makumbusho?"

"Nimefuta. Sasa nataka sweta."

"Loo! Kumbe unanipenda kwa ajili ya sufu."

"Sikiliza, mpenzi. Jina la Bibi Ludie ndilo mtu atakalolisoma kwanza akiingia. Herufi kubwa. Nakuapia."

Mama yake Keziah, Bi Arneta, alikataa katakata. Sweta ile haikuwahi kulala nje ya nyumba yao. Keziah alimbembeleza hadi akaishiwa maneno, kisha akasema, "Mama, kama humwamini yeye, niamini mimi." Bi Arneta akaikunja sweta kwenye kitambaa cheupe, akampa.

Siku ya ufunguzi Bi Arneta alivaa kofia yake ya kanisani ya zambarau yenye manyoya. Keziah alivaa gauni la njano lililombana kiunoni, na hereni alizonunuliwa na Corliss. Mama na binti waliingia wameshikana mikono, wakaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo.

Herufi zilikuwa kubwa kweli. *Bata wa kwanza wa Pinder alilelewa na mwanafunzi Royce Hollingsworth, aliyemvisha sweta hii.*

Ukumbi wenyewe uliitwa Ukumbi wa Hollingsworth. Mjukuu wa Royce, aliyetoa pesa za kuujenga, alikuwa pale pale akipigwa picha.

Bi Arneta alisoma mara mbili. Hakupiga kelele. "Mwanangu," alisema, "mimi nilikuamini wewe." Akageuka, akatoka.

Keziah alimkuta Corliss mlangoni mwa chumba cha chakula, amevaa suti mpya.

"Nani kaandika vile?"

"Punguza sauti, mpenzi. Familia yao ina hadithi yao. Waliniambia wiki iliyopita. Nikikataa, kazi sina."

"Wiki iliyopita! Na jana ukanipigia ukaniuliza nitavaa rangi gani?"

"Nitabadilisha baadaye, pole pole."

"Corliss, Bibi Ludie alinyimwa geti. Wewe umemnyima hata bata wake."

Akamwacha. Alimkuta mama yake kwenye gari, kofia imewekwa mapajani. Kabla hajawasha injini, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Corliss zilisikika sahani na vicheko.

"Keziah, nakupenda. Nilitaka kukuvisha pete leo, iko hapa mfukoni. Niambie nifanye nini."

"Uko wapi?"

"Mezani. Na akina Hollingsworth."

"Taja jina lake. Mwenye bata."

Kwa mnong'ono uliokaribia kuwa pumzi tu: "Ludie."

Machozi yalimlengalenga Keziah. Alikuwa akiipenda sauti ile.

"Sasa simama, liseme kwa sauti. Hapo hapo mezani. Ukilisema, naja kuchukua pete yangu."

Alisubiri. Alisikia kiti kikisogea. Akasikia mtu akimuuliza Corliss kama ataongeza mchuzi, na Corliss akijibu, kwa sauti safi inayosikika, "Ndiyo, bwana. Asante sana."

Keziah akakata simu. Akavua hereni moja, kisha ya pili.

"Anasemaje?" Bi Arneta aliuliza.

"Anakula, mama."