Vijiko Vitatu vya Unga wa Mizizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alimchemshia mama yake maji ya dawa. Majirani walimpa binti huyo jina hilo kwa wembamba wake, na pia kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa mizizi ambao mama mkubwa aliununua sokoni. Muuzaji alisema unatuliza maumivu ya hedhi.

"Si muuzaji aliagiza kijiko kimoja, Mama?" Sindano aliuliza.

"Kimoja hakinitulizi tena," mama alijibu, akichota cha tatu. "Hii ni mizizi, mwanangu, si sumu. Wala usiitangaze kwa watu."

Wiki ya pili mama akaanza kupata kizunguzungu. Hedhi nayo ikamtoka nyingi kuliko kawaida. Jumamosi alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja la sare. Aliposimama kutafuta mkasi, miguu ilimlegea, akashika ukuta.

Sindano alimkokota hadi zahanati. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimpima.

"Mbali na vidonge vya presha tulivyokupa, unatumia dawa nyingine?"

"Hapana," mama alisema.

Kumkosoa mama mbele ya mtu halikuwa jambo dogo. Lakini Sindano aliutazama uso wa mama, jinsi ulivyopauka.

"Nisamehe, Mama," akasema taratibu. "Anakunywa dawa ya mizizi kila asubuhi. Vijiko vitatu."

Mama aliinamisha kichwa. "Niliona haya," akasema. "Nilidhani mtanifokea."

"Hatufoki," muuguzi alijibu, akaenda kumwita daktari. Daktari alimwachisha ule unga, akampima damu na kumpa dawa nyingine ya maumivu.

Baada ya siku kumi mama alirudi zahanati akitembea mwenyewe. Muuguzi alimkalisha pamoja na binti yake.

"Miti shamba mingine husaidia," alisema. "Ila dawa ni dawa, iwe mzizi au kidonge. Ina kipimo chake, na huenda ikagombana na nyingine mwilini. Mficha uchi hazai. Mkija hapa, tuambieni kila mnachokunywa. Binti huyu alisema kweli ilipokuwa ngumu kusemwa."

"Nimesikia," mama alisema, akimshika Sindano mkono. "Sasa twende kwa mama yako mkubwa. Naye anaunywa unga ule."