Mstari Mtupu wa Daftari la Chanjo

Nianze na kosa langu, nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Miaka iliyopita nilisafiri na kadi ya chanjo isiyo na chanjo. Sikuchomwa kitu. Nilikaa kwenye kiti, nikapiga soga na nesi, nikatoka na kadi ya njano yenye muhuri na tarehe ya siku ambayo mimi nilikuwa nyumbani nimelala na mafua. Mwenyezi Mungu anisamehe. Nesi aliyeniandikia ndiye mwenye kisa hiki, na alinisimulia mwenyewe huku analia.

Alikuwa mtu mwema, hilo lazima niliseme. Mkono wake mwepesi. Watoto walichomwa wakiwa bado wanacheka. Kliniki ile binafsi ilikuwa na vyumba vitatu, benchi, friji ndogo ya dawa, na kiti kimoja cha pembeni karibu na dirisha. Kanuni ni kwamba chanjo ya safari ichomwe siku kumi kabla ya kuondoka, la sivyo unarudishwa. Na watu ndio watu: chanjo huikumbuka tiketi ikiwa mkononi. Basi Nesi akabuni njia. Kila jioni, kabla ya kufunga daftari, aliacha mstari mmoja mtupu chini ya jina la mwisho. Akija mchelewaji, hurudi nyuma kurasa mbili tatu, akamwandika pale, kana kwamba siku ile alikuwepo. Alijiambia ni huruma. Hakuwahi kujiuliza siku ile, kwenye kile kiti, amemkalisha nani.

Jumanne moja akaja mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, na nyumbani walimwita Kitinda hivyo hivyo. Baada ya kuhangaika miaka minne alikuwa amepata kazi ng'ambo, ya kutunza wazee. Ndege ilikuwa Ijumaa.

"Dada, niandikie tu. Mimi na sindano hatupatani."

"Mwanamke mzima! Na hao wazee utawachoma kwa macho?"

"Kuchoma wengine naweza. Kuchomwa ndiyo taabu. Nakuomba, dada yangu, Ijumaa hiyo imefika."

Nesi akacheka, akafungua daftari ukurasa wa Jumatatu ya wiki iliyopita kutafuta ule mstari mtupu. Kicheko kikamkauka.

Mstari ulikuwa umejaa. Majina ya Kitinda, yote matatu, kwa mwandiko wa Nesi mwenyewe. Namba ya pasi ya kusafiria nayo ilikuwepo, tarakimu kwa tarakimu. Pasi hiyo ilikuwa imetoka jana yake tu.

Akafungua friji. Kichupa kimoja cha chanjo kilikuwa kimepungua. Akatoka hadi kwa mlinzi wa getini, akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, Jumatatu ile nilipotoka mchana kwenda mazishini, ulimwona mdogo wangu hapa?"

"Si alishinda kwenye kile kiti cha pembeni? Nilimsalimu akaniangalia kama ukuta. Hata ndege hajapanda, maringo ameshaanza!"

Mwenye akili angetubu palepale. Lakini Nesi aliifikiria miaka minne ya mdogo wake, akaona kumbe jina limeshaandikwa, yeye anaongeza nini? Akaandika kadi, akagonga muhuri. Hapo ndipo alipokosea, na alijua.

Tangu jioni ile nyumba yao ikanuka spiriti, ile ya kufutia ngozi kabla ya sindano. Walifungua madirisha, wakadeki, harufu ikabaki. Alhamisi mchana, jua likiwa wima na majirani wakianua nguo, Nesi aliporudi alimkuta mama yao jikoni akimenya vitunguu na kuzungumza, akimpa Kitinda mawaidha ya ugenini, asiache sala, asimwamini kila anayecheka naye, akinyamaza kidogo kama anayesikiliza jibu, akitikisa kichwa, akiendelea, na kila aliponyamaza Nesi alisikia nyuma ya mlango wa jikoni kitu kikivuta pumzi, taratibu, kama mtu anayejifunza namna ya kupumua.

"Mama," akanong'ona, "unaongea na nani?"

"Na mdogo wako. Kasimama hapo nyuma ya mlango tangu saa sita, anasema mkono unamuuma."

Geti likalia. Kitinda akaingia kutoka sokoni na sanduku jipya kichwani. "Mama, mbona mnanitazama hivyo?"

Kisu kilimtoka mama mkononi. Nyuma ya mlango hapakuwa na mtu, ila kipande cha pamba sakafuni, chenye tone la damu, bado kibichi.

Usiku kucha walisoma na kuomba. Ijumaa wakamsindikiza uwanja wa ndege, mama kamshika mkono kama mtoto wa chekechea. Afisa akamtazama Kitinda, akatazama kompyuta yake, akamtazama tena.

"Dada, wewe umeshapita."

"Nani kapita?"

"Wewe. Dakika ishirini hivi. Kadi ya chanjo, pasi, kila kitu sawa."

"Pasi si hii hapa!" Akaitoa. Afisa akaifungua, na kurasa zote zilikuwa tupu, hazina picha wala herufi moja. Kadi ya njano ndani ya mkoba haikuwepo. Ndipo Nesi alipoinua macho, na ng'ambo ya kioo, katikati ya wasafiri, akamwona mdogo wake amevaa nguo zilezile, mkono wa kushoto wa blauzi umekunjwa, amebana pamba juu ya bega, anatembea kwenda kwenye ndege bila haraka wala kugeuka, na Nesi akapiga kioo, akaita, mama akaita, Kitinda mwenyewe akajiita kwa jina lake, na yule akazidi kwenda.

Walimleta maalim. Alisoma siku tatu juu ya Kitinda, halafu akafunga kitabu chake, jasho likimtiririka.

"Mama, mimi humtoa aliyeingia. Binti huyu hana kitu. Wa kutolewa yuko ng'ambo, na mmempeleka wenyewe kwa muhuri."

Jioni ileile simu ikalia. Sauti ilikuwa ya Kitinda, tamu kuliko ya Kitinda.

"Mama, nimefika salama. Wazee wananipenda. Nawaogesha, nawachoma sindano zao. Huyo mliyebaki naye, msalimieni."

Kitinda alikuwa amekaa ubavuni mwa mama, mdomo wazi, machozi yanashuka. Mpaka leo hajapata pasi nyingine. Kila ofisi anakokwenda huambiwa mwenye jina hilo yuko safarini.

Nesi aliacha kazi. Mistari aliyokuwa ameijaza alishindwa kuihesabu, na mmoja ni wangu.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukinikuta njiani, ukanisalimu, nami nikakuangalia kama ukuta, usikasirike wala usinifuate. Nipigie simu, uniulize niko wapi.